Ubaya wa Marekani si wema wa Urusi: namna Wazanzibari tunavyowahukumu wakubwa wa dunia

Mleta uzi, Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mnaopita hapa.

Ninauleta uzi huu kwa sababu ya mabishano ambayo naamini kila aliyekaa barazani, iwe Wete, Mkoani au Mji Mkongwe, anayafahamu. Tarehe 17 Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kukamatwa Rais Vladimir Putin wa Urusi kwa tuhuma za kuwahamisha watoto wa Ukraine kinyume cha sheria. Barazani kwetu hati ile ilipokewa kwa dharau: watu walisema kuwa hiyo ni mahakama ya Wazungu, iliyoundwa kuwafunga Waafrika na kila anayewakatalia wakubwa wa Magharibi. Tarehe 21 Novemba 2024 mahakama ile ile ikatoa hati ya kukamatwa Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, na miongoni mwa tuhuma ni kuitumia njaa kuwa silaha ya vita huko Gaza. Watu wale wale, na vikombe vya kahawa mkononi, wakasema kwamba sasa dunia imepata mahakama. Huko Washington nako mambo yalikwenda hivyo hivyo kwa kinyume chake. Rais Joe Biden, ambaye alisema kuwa hati dhidi ya Putin ilikuwa na haki, aliiita ile ya Netanyahu kuwa ni jambo la kuchukiza. Na Februari 2025 serikali iliyomfuata ikamwekea vikwazo mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama hiyo, Karim Khan, mtu ambaye Urusi nayo ilikuwa imeshamtangaza tangu Mei 2023 kuwa anasakwa.

Sisemi kwamba kesi hizi mbili ni sawasawa. Kila moja ina ushahidi wake, na ya Gaza imetuumiza wengi wetu kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa utulivu. Ninachokiangalia ni njia iliyotufikisha kwenye hukumu, kwa sababu barazani kwetu hakuna aliyeuliza ushahidi unasema nini. Lililoulizwa ni nani anayeshitakiwa, na anayeshitaki ni rafiki wa nani.

Wengi hulimaliza jambo hili kwa kusema kwamba ni unafiki tu. Mimi sidhani. Mnafiki anaujua ukweli akaufunika, na hawa ninaowasikia wanaamini kwa dhati ya nyoyo zao kila wanachokisema, kama Mmarekani wa kawaida anavyoamini chake na Mrusi chake. Kila taifa limekaa mahali pake katika historia, na mahali hapo panaonesha baadhi ya mambo kwa uwazi kabisa na kuyaficha mengine.

Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani na Wajapani kama matumizi ya bomu la atomiki mwaka 1945 yalikuwa halali. Katika kila Wamarekani 100, 56 walisema ndiyo. Wajapani waliosema hivyo walikuwa 14 tu katika kila 100. Mabomu ni yale yale ya tarehe 6 na 9 Agosti, na maiti ni wale wale wa Hiroshima na Nagasaki, lakini Mmarekani amefundishwa kuanza hesabu yake na askari ambao wangekufa katika kuivamia Japani, na Mjapani anaanza na watu waliokuwa mjini asubuhi ile. Kwangu mimi mfano wa Ufaransa una uzito zaidi, kwa sababu huko ni taifa moja lililoigeuza hukumu yake lenyewe. Mei 1945 kampuni ya Ifop iliwauliza Wafaransa ni nchi gani iliyochangia zaidi kushindwa kwa Ujerumani: asilimia 57 waliutaja Umoja wa Kisovieti na asilimia 20 Marekani. Mwaka 2004 walipoulizwa swali hilo, asilimia 58 walisema Marekani na asilimia 20 Umoja wa Kisovieti. Wasovieti waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kufikia milioni 27, na idadi hiyo haikupungua hata kwa mtu mmoja katika miaka ile takriban sitini. Kilichobadilika ni upande ambao Ufaransa ilikaa wakati wa Vita Baridi, pamoja na filamu, vitabu vya skuli na sherehe zinazofanywa kila Juni huko Normandy.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sisi tuna hazina ya mifano kuliko mataifa mengi makubwa.

Mwaka 1873 Sultan Barghash bin Said, baada ya kubanwa na balozi wa Uingereza John Kirk na kutishiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa, alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa la Mkunazini, na Waingereza wakajenga kanisa lao kuu pale pale. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza hiyo hiyo zililipiga mizinga kasri la Sultan kwa muda usiotimia saa moja, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti bila ya ridhaa yao. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Mwalimu anayesomesha historia huko London ataianza hadithi mwaka 1873, na atasema kweli. Familia ya mjini ambayo jamaa zake walikuwa ndani ya kasri au pembezoni mwake itaianza mwaka 1896, nayo itasema kweli. Na yuko wa tatu, ambaye mara nyingi hatumpi nafasi ya kuzungumza barazani, naye ni mjukuu wa mtu aliyeuzwa pale Mkunazini au aliyelimishwa katika mashamba ya mikarafuu hapa Pemba. Huyu anajua kwamba kufungwa kwa soko hakukumwacha huru babu yake, kwa sababu utumwa wenyewe ulibaki kuwa halali Zanzibar mpaka mwaka 1897. Anajua kwamba fidia ilipotolewa ilikwenda kwa wenye watumwa. Anajua kwamba masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Hawezi kumpigia makofi Kirk kwa moyo mmoja, na hawezi kulililia kasri vilevile.

Hukumu zote tatu zimesimama juu ya mambo yaliyotokea, na anayetaka kuiondoa moja ili nyengine zipumue anaikata historia. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba mtazamo wa kitaifa ni upofu mtupu na kwamba mtu mwenye akili auweke kando. Aliyepigwa mizinga ana ujuzi ambao mwenye mizinga hana. Mjapani anaijua Hiroshima, Mchagosi aliyefukuzwa visiwani kwake anaijua Uingereza, na Mpolandi anaijua Urusi, kwa namna ambayo hakuna mtaalamu wa mbali atakayeifikia.

Kosa, kwa maoni yangu, linaingia katika hatua inayofuata, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tukishaujua ubaya wa mkubwa mmoja, tunaubadilisha ujuzi huo kuwa sifa njema ya mpinzani wake. Marekani iliivamia Iraq Machi 2003 bila ya idhini ya Baraza la Usalama, kwa madai ya silaha ambazo hazikuonekana. Hilo tunalijua na tunalisema, na tuna haki ya kulisema. Lakini mtu anaondoka na ushahidi huo wa Iraq na kwenda kuutumia kumsafisha Putin, kana kwamba mji wa Grozny, ambao ni mji wa Waislamu wenzetu wa Chechnya, haukugeuzwa kifusi na jeshi la Urusi katika miaka ya 1990. Ushahidi wa Baghdad unaihusu Baghdad. Haukuandikwa juu ya Moscow, wala hauna uwezo wa kuipa Moscow cheti cha tabia njema.

Barghash mwenyewe aliyaonja haya. Alipoona Wajerumani wanajipenyeza bara, aliwaegemea Waingereza, kwa kuwa ndio waliokuwa mahasimu wa Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na London ikamwagiza Kirk asisimame katika njia ya Wajerumani. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yakamchorea mpaka na kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Tarehe 1 Julai 1890, yeye akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma, Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na katika mapatano hayo hayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini. Mkubwa aliyedhaniwa kuwa ni kinga dhidi ya mwenziwe ndiye aliyeichukua nchi.

Na jambo hili halikwishia kwa masultani. Ninao jamaa wawili wa rika moja, wote ni watu wazima wenye wajukuu, wanaokutana karibu kila jioni kucheza dhumna. Mmoja mama yake alihamia kwenye fleti za Kikwajuni zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, akatoka nyumba ya udongo na kwenda kufungua bomba la maji ndani ya jiko lake mwenyewe. Mpaka leo Ujerumani Mashariki ikitajwa, sauti ya mzee huyu inalainika. Wa pili ami yake alichukuliwa usiku katika miaka ile ile na hakurudi, na familia haikuoneshwa kaburi. Huyu anachokikumbuka ni kwamba Wajerumani hao hao walisaidia kuunda idara ya usalama ya Zanzibar, na kwamba Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikuja hapa mwenyewe mwaka 1964. Nimewaona wakiacha mchezo katikati kwa sababu ya jambo hili. Kila mmoja anadhani kwamba mwenziwe anakikana alichokishuhudia, na ukiwasikiliza vizuri, hakuna anayekana. Kila mmoja anataka tu kwamba fleti au ule usiku, kimoja kati ya viwili hivyo, kiwe ndicho jibu la mwisho juu ya nchi nzima.

Tunaposema "mtazamo wa Wazanzibari", basi, tukumbuke kuwa hata ndani ya Zanzibar hauko mmoja. Naomba michango yenu, na naomba tubaki kwenye mada.

Mkaazi wa Ng'ambo

Maalim, ahsante kwa uzi uliotulia. Nimeusoma wote, na nakubaliana na sehemu kubwa, lakini kuna jambo linanikera na naomba uniruhusu niliseme wazi.

Umeandika kana kwamba sisi na wakubwa tumekaa kwenye mizani moja. Hatujakaa. Chukua visiwa vya Chagos, ambavyo viko katika bahari yetu hii hii. Kati ya mwaka 1968 na 1973 Uingereza iliwaondoa wakaazi wote wa visiwa vile na kuwatupa Mauritius na Shelisheli, ili Marekani ipate kambi yake ya kijeshi ya Diego Garcia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Februari 2019 kwamba Uingereza inapaswa kumaliza utawala wake pale haraka iwezekanavyo, na Mei ya mwaka ule nchi 116 zikaunga mkono katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa dhidi ya 6. Uingereza ilikaa kimya mpaka ilipojisikia, ikaja kutia saini mkataba na Mauritius tarehe 22 Mei 2025. Katika habari yote hiyo sikuiona Urusi wala China ikimfukuza mtu kwenye bahari yetu.

Sasa kila nikitaka kuizungumzia Chagos, anatokea mtu wa kuniuliza: "Na Ukraine je? Na Xinjiang je?" Kwa nini nilipe ushuru wa kuilaani Urusi kwanza ndipo niruhusiwe kumtaja Muingereza? Wao wanapoizungumzia Ukraine, hakuna anayewaamuru waanze na Chagos. Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tumekatazwa hata kuigusa ngozi. Mnyonge kumtumia mpinzani wa anayemwonea si ujinga. Mara nyingi ndiyo njia pekee aliyonayo. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, hawakupata bunduki zao kutoka London.

Bint Wete

Maalim na ndugu yangu wa Ng'ambo, hamjambo.

Mimi ninataka kulileta lile ambalo nyote wawili mmelitaja kwa mbali. Sisi ni nchi ya Waislamu, na Gaza inaombewa dua katika kila msikiti niliowahi kuswali. Lakini sijasikia dua hata moja ya Wauighuri, Waislamu wa jimbo la Xinjiang huko China. Julai 2019 nchi 22 ziliandika barua Umoja wa Mataifa kulalamikia yanayofanyika Xinjiang, na hapakuwa na hata nchi moja ya Waislamu kati yao. Siku chache baadaye nchi 37 zikaandika barua ya kuisifu China, na humo mlikuwa na Saudi Arabia, Pakistan na Algeria. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikatoa ripoti iliyosema kwamba yaliyofanyika huko huenda yakawa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba ya mwaka huo Baraza la Haki za Binadamu likapiga kura, si ya kulaani, bali ya kuijadili tu ripoti hiyo, na hoja ikaanguka kwa kura 19 dhidi ya 17, huku 11 wakijizuia. Indonesia, Pakistan na Qatar zilikuwa miongoni mwa waliokataa.

Na mimi mwenyewe nimo katika kifungo hicho. Mama yangu aliondolewa mtoto wa jicho na daktari wa Kichina pale hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Siku bandeji ilipofunguliwa alitaja rangi ya kanga niliyovaa, akasoma na maneno yake. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na hospitali ile imejengwa upya kwa msaada wao. Nikifungua mdomo kuisema China, nahisi kwamba ninamvunjia adabu yule daktari. Naomba unijibu, Maalim, maana sipati jibu.

Mleta uzi

Nianze na ndugu yangu wa Ng'ambo.

Umesema kweli kuhusu ushuru, na ninakuunga mkono bila ya masharti. Mtu anayeizungumzia Chagos halazimiki kuitaja Ukraine kwanza, na anayeulizwa swali hilo mara nyingi ananyamazishwa. Mwenye kuonewa azungumze alichoonewa. Kuhusu bunduki za Frelimo nako sina ubishi: kupokea silaha kutoka kwa mtu ili ujikomboe ni jambo moja, na kumhukumu mtu huyo kuwa mwema katika mambo yake yote ni jambo jengine. Hata waliopokea wakati ule walilijua hilo. Serikali yetu ya Tanzania, ambayo ardhi yake ilikuwa kituo cha vyama vya ukombozi vilivyokuwa vikipata silaha kutoka kambi ya Mashariki, ililaani waziwazi Umoja wa Kisovieti ulipopeleka vifaru Czechoslovakia mwaka 1968. Kutofungamana na upande wowote hakukuwa na maana ya kukaa kimya.

Lakini itazame hiyo Chagos kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake mna hoja ambayo umeiacha. Mauritius haikuwa na manowari. Haikuwa na benki kubwa wala kura ya turufu. Ilichokuwa nacho ni kanuni moja, kwamba nchi haikatwi vipande na mwenye nguvu, na mahakama moja ya kuisemea kanuni hiyo. Sasa tukisema kwamba Urusi ilikuwa na haki ya kuichukua Krimea mwaka 2014 kwa sababu Marekani nayo ina makosa yake, tumeivunja kanuni ile ile ambayo Mchagosi ameisimamia. Wakubwa wote wanaichukia kanuni hii inapowagusa. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Marekani katika kesi ya Nicaragua, na Marekani ikakataa kutekeleza. Mwaka 2016 baraza la usuluhishi likayakataa madai ya China katika Bahari ya Kusini ya China baada ya Ufilipino kushitaki, na China ikasema kwamba hukumu ile ni batili. Marekani inaihimiza China iheshimu sheria ya bahari ambayo yenyewe mpaka leo haijairidhia. Wenye nguvu wanaweza kuishi bila ya kanuni. Sisi wa visiwa vidogo hatuwezi, na ndiyo maana mimi ninaona hatari kubwa tunapoitupa kwa furaha ya kumuona hasimu wetu anaaibika.

Kwa dada yangu wa Wete nitarudi, Inshaallah. Swali lake linahitaji utulivu.

Mzanzibari aliyeko Mombasa

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nilitaka kuongeza mfano wa huku niliko.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Kenya iliunga mkono na Tanzania ilijizuia. Siku chache kabla yake, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alikuwa amelieleza Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, na kwamba Waafrika waliamua kuishi nayo badala ya kupigana vita visivyokwisha kwa ajili ya kuwafuata ndugu zao walioko upande wa pili. Mimi nimezaliwa Unguja na ninaishi Mombasa. Ndugu zangu wako pande zote mbili za mpaka huo, na bahari ni ile ile. Inakuwaje majirani wawili waliokatwa na mkasi mmoja walitazame jambo moja na kufikia kura mbili tofauti? Nadhani jibu ni marafiki wa kila serikali zaidi kuliko maadili ya watu wake. Na je, sisi wenyewe tulipoingia Uganda tulihukumiwaje?

Mleta uzi

Umelileta jambo la Uganda kwa wakati wake. Jeshi la Idi Amin liliivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na jeshi letu halikuishia mpakani. Aprili 1979 liliingia Kampala na utawala wake ukaanguka. Sisi tunaiita vita ya kujilinda na kuwakomboa majirani. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai ya mwaka ule, wako waliotulaumu kwa kuvuka mpaka na kuiangusha serikali ya mwenzetu. Mimi bado naamini kwamba tulikuwa na haki, na ninaweza kuitetea kwa hoja. Lakini kila ninapoitetea ninagundua kwamba natumia maneno ambayo kila mvamizi huyatumia: tulichokozwa, hatukuwa na njia nyengine, wananchi wa kule walitupokea. Kwa hivyo mtu wa nje akiniuliza kwa nini aniamini mimi asimwamini mwengine, sina budi kumwonesha mambo yenyewe: nani alivuka mpaka kwanza, nani aliyeinyakua ardhi na kuitangaza kuwa ni yake, nani aliondoka na nani alibaki. Amin alikuwa ameshaitangaza sehemu ya Kagera kuwa ni ya Uganda; sisi hatukuchukua hata kijiji kimoja cha Uganda. Mtu akinijibu kwamba askari wetu walikaa huko miaka miwili, nitampa haki yake, na mjadala utaendelea kutokea hapo. Huko ndiko ninakotaka tuwafikishe wakubwa wote, kwenye mambo yanayoweza kuulizwa kwa yeyote.

Kuhusu kura zile mbili, nakubaliana nawe kwamba urafiki wa serikali ulikuwa na nguvu. Naongeza tu kwamba kura ya kujizuia haiwafungi raia. Serikali ina mizigo yake ya ngano, mafuta, mikopo na diplomasia, na inaweza kuwa na sababu ya kunyamaza ambayo sisi hatuijui. Mimi na wewe barazani hatuna mzigo huo, na bado tunanyamaza kana kwamba tumekula kiapo.

Sasa dada yangu wa Wete. Daktari aliyemfungua mama yako macho anakudai shukrani, na deni hilo ni lenu nyinyi wawili. Mpe salamu zake, mwombee, na ukimkuta Mkoani mpelekee nazi na samaki. Yeye ameliacha jimbo lake na watoto wake kuja kukaa Pemba, na huenda hana kauli yoyote juu ya kinachofanywa Xinjiang, wala hana uhuru wa kukisema angekuwa nayo. Ukimlipa yeye kwa kunyamaza juu ya Wauighuri, mlipwaji hatakuwa yeye. Itakuwa ni serikali yake, na aliyelipa atakuwa ni Muighuri, ambaye hakufanyiwa upasuaji wowote na mtu wa kwetu na hana deni lolote katika hesabu hii.

Na mtu asituambie kwamba wanyonge hawana njia. Katika kura ile uliyoitaja ya Oktoba 2022, kati ya wale 17 waliotaka mjadala ufanyike ilikuwemo Somalia, nchi pekee ya Kiafrika na pekee ya Waislamu iliyopiga kura ya ndiyo siku ile. Sijui walipima nini kabla ya kunyanyua mkono, na sidai kwamba walikuwa na usafi wa moyo kuliko wengine. Ni nchi iliyovunjwa na vita zaidi ya miaka thelathini, inayohitaji msaada wa kila mwenye kutoa, iliyokaa katika ukumbi mmoja na Indonesia, Pakistan na Qatar, na kura yake ilihesabiwa sawa na zao.